Barua za Shibe

Kiti cha mwenye nyumba kilikuwa kinachemka jikoni tangu asubuhi.

Si chote. Miguu yake ilikwisha kuwa kuni wiki iliyopita. Iliyobaki ilikuwa ngozi ya kukalia, nayo mkewe aliikata vipande, akaitia sufuriani, akawa anapuliza moto na kuibembeleza ilainike.

"Imeiva?" mama mkwe aliuliza kutoka mkekani.

"Bado, mama. Ina kiburi kama mwenyewe."

Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa. "Basi lete karatasi tumwandikie huko vitani, mwanangu. Posta inafungwa mchana."

Vita vilikuwa vya watu wa ng'ambo, lakini chumvi iliyotoweka ilikuwa ya hapa. Baada ya chumvi ikaondoka sabuni, yakafuata mafuta ya taa, kisha nguo. Mke huyo alikuwa fundi cherehani. Sasa alishona magunia, na watu waliyavaa na kumshukuru. Karatasi yenyewe ilikuwa ya kufungia sukari, ya mwaka juzi. Wino ulikuwa masizi.

"Andika leo tumekula nyama."

Akaandika.

"Andika nimenenepa, mlango haunitoshi."

"Mama! Hilo hatalisadiki."

"Atalisadiki. Mtu aliye vitani husadiki anachokitaka. Au unataka asikie njaa yetu, atoroke, wakubwa zake wamtie risasi ya mgongo?"

Hakutaka. Miezi kumi na minne, barua kumi na nne, zote zinanukia mafuta ya kukaangia. Hakuna hata moja iliyosema kwamba binti yao wa miaka minne hasimami tena. Juzi mganga wa zahanati aliushika mkono wa mtoto, akauachia upesi kana kwamba utamvunjikia.

"Huyu hataki dawa, anataka uji," alisema. "Akiukosa mpaka Ijumaa, usimlete tena."

Leo ilikuwa Jumatano. Kesho ilikuwa siku ya posho: mfuko mmoja wa unga, mara moja kwa mwezi, kwa kila nyumba ya askari. Siku moja tu. Mke alikuwa akiihesabu kwa pumzi za mtoto.

Jirani akaingia kuomba kaa la moto. Mumewe alikuwa mpagazi wa mwenye nyumba huko vitani, mbeba mizigo yake, na wapagazi hawakuandikwa kwenye daftari la posho. Akaichungulia barua.

"Nyama?" akasema. "Mwenzenu nimeandika majani. Nimeandika kwamba yule wangu wa mwisho tumemzika."

"Huna haya!" mama mkwe akafoka. "Mume yuko kwenye risasi, wewe unamtumia kilio? Sisi mtu wetu tunampa moyo. Toka na njaa yako!"

Jirani akachukua kaa lake, akatoka.

Alhamisi, umande haujakauka, mke alikuwa wa kwanza kwenye mstari wa bohari, mfuko mtupu kifuani. Karani akapitisha kidole kwenye daftari. Kidole kikasimama.

"Nyumba yako imefutwa."

Kufutwa kulikuwa na maana moja tu mtaani. "Amekufa lini?"

"Nani amekufa? Mzima kama chuma! Ameomba mwenyewe, na afande wake amekubali." Karani akamgeuzia karatasi. "Si mwandiko wake huu?"

Ulikuwa wake, herufi zimelala upande kama kawaida yake.

"Naomba posho ya nyumba yangu apewe mke wa mpagazi wangu, kuanzia mwezi huu. Barua za mkewe zinamliza mpagazi huyu kila zikifika. Kwangu, Mungu ashukuriwe, wanakula na kusaza."