Maachi ya Asubuhi

Mwalimu Donatus alikuwa akifundisha bendi ya shule pale Shinyanga tangu vita vya Hitla viishe. Asubuhi ile mpiga tarumbeta wake hodari alilazwa kwenye benchi mbele ya wenzake, achapwe viboko kwa kupiga wimbo wa TANU.

"Pigeni maachi ya gwaride," mkuu wa shule, Mzungu, alimwamuru Donatus. "Bwana DC yuko ofisini kwangu. Asisikie kilio."

Donatus alimtazama kijana. Duara la mdomo wa tarumbeta lilikuwa bado limejichora kwenye midomo yake.

"Shikamoo, mwalimu," kijana alisema taratibu.

Donatus hakuitikia. Aliwageukia wapiga ngoma, akainua kifimbo chake.

"Kwa nguvu, wanangu."