Kofia ya Usingizi

Kila aliyeshindwa kulala alivaa kofia ya usingizi, nayo ilimfutia kabisa akilini jambo lililomkosesha raha. Mwanahawa alikuwa halali tangu mwanawe, Mbaruku, aanze kuugua moyo. Shekue, mumewe, alimsihi aivae, naye akakubali.

Asubuhi aliamka mchangamfu, akachemsha chai huku akiimba. Mbaruku akaja jikoni, akamkumbatia miguuni.

"Mama, kifua kinauma."

Mwanahawa alimpapasa kichwa kwa upole, akamgeukia mumewe. "Mtoto mzuri huyu. Ni wa nani?"

Shekue alimbeba mtoto, akampa dawa.

Walipokwenda kulala, mkewe alimletea kofia. "Vaa na wewe, mume wangu. Umechoka."

Shekue aliificha chini ya godoro, akabaki macho akisikiliza pumzi za Mbaruku, maana sasa alikuwa amebaki yeye peke yake wa kumhangaikia mtoto.