Neno la Siri la Mama Semeni

Panya alikuwa na watoto wachanga shimoni. Mlinzi wake alikuwa Kobe, aliyejibana mlangoni kama jiwe. Kobe hakuwa akiona vizuri, kwa hiyo alimfungulia yeyote aliyetaja neno la siri.

"Chagua neno gumu," Kobe alimwambia.

"Neno gumu nitalisahau, babu. Tutumie jina la kifungua mimba wangu, Semeni. Hilo silisahau hata nikiugua."

"Na wengine hawalijui?"

"Nani ahangaike na majina ya wanangu?"

Asubuhi Panya alikwenda kutafuta chakula. Njia nzima wanyama walimwamkia.

"Mama Semeni, hujambo?"

"Mama Semeni, watoto wazima?"

Akawaitikia wote kwa furaha. Kicheche alikuwa amejilaza kichakani, akisikiliza.

Panya aliporudi, alikuta Kobe amekaa pembeni na shimo li wazi. Kicheche alikuwa anatoka, akijilamba midomo.

"Babu! Umemfunguliaje huyu?"

"Alitaja neno, mwanangu. Mimi sura siioni."

Panya akamgeukia Kicheche huku akilia. "Nani alikwambia neno langu?"

"Hakuna aliyeniambia, Mama Semeni. Nilisikia unavyoamkiwa, nikajaribu."

Siku hiyohiyo Panya akachagua neno jipya, refu na gumu, ambalo hakuna mnyama angeweza kulikisia. Kobe akalikariri mpaka akalishika, kisha akajibana tena mlangoni. Ndani hamkuwa na mtoto hata mmoja.