Mshubiri wa Nyuma ya Jiko

"Kata jani ujipake," mavyaa wake alimwambia Mwanabaraka. "Mtoto akiacha ziwa atabaki kwetu, wewe urudi kwenu Mtunda. Mwanangu ni karani wa Mwingereza, hakai na mpanda miiba."

Mwanabaraka mwenyewe ndiye aliyeupanda mshubiri ule mchungu, mwaka wa ukame, mchicha wote ulipokufa. Alikata jani. Utomvu wa manjano ukamchuruzika vidoleni. Akasema Bismillahi, akajipaka chuchu zote mbili.

Mtoto alinyonya, akakunja uso, akatema, akalia.

"Haya, nipe mjukuu wangu."

Mtoto akaitazama mikono ya bibi yake, akageuka, akalishika ziwa tena. Akanyonya huku machozi yakimtoka.

"Jipake tena!"

Mwanabaraka akamtupia jani miguuni.

"Jipake wewe, mama. Mimi nanyonyesha."