Mkono wa Drafti

Ndambuki alimruka askari mweupe wa jirani yake, akamla, akamweka kando.

"Hiyo ni drafti, mzee," jirani akasema, akimrudisha askari mahali pake. "Hapa tunacheza sataranji."

Watu barazani wakaangua kicheko. Mwaka wa sabini na moja, mtaa mzima wa Mbotela haukuwa na mtu wa kumweza Ndambuki katika sataranji. Kisha akaacha, na kwa miaka minane akacheza drafti tu ya vifuniko vya soda, kila adhuhuri, kwenye kibanda alichochongea vinyago na wenzake.

Alikitazama kidole gumba chake chenye kovu la patasi kana kwamba kimemsaliti.

"Basi nicheze bila malkia wangu," jirani akasema kwa upole, "angalau mchezo unoge."

Upole huo ndio uliomchoma. Alimwokota malkia wake mweusi, mpingo aliouchonga wiki nzima, akamtumbukiza kwenye jiko la chai.

"Kuanzia leo ni mazoezi ya askari watupu," alifoka, "mpaka mkono huu ukumbuke wanavyotembea!"

Akamnyooshea jirani kiganja.

"Na huyo malkia wako pia nilimchonga mimi. Mlete."