Kidude cha Safari ya Japani

Ummulkheir alikuwa akikunja makoti ya safari, na kidude kiko mezani, cheupe, kidogo kama kipande cha sabuni. Madam, mwajiri wake, alikinunua kwa ajili ya safari ya Japani. Ukisema lugha yako, chenyewe kinaitambua na kumfasiria mwenzio kwa lugha yake. Tangu jana madam alikuwa akikiongelesha Kiarabu, nacho kinajibu Kijapani, watoto hawana mbavu kwa kicheko.

“Yalla, Ummu, makoti!” madam alihimiza, akanywa chai yake.

“Tayari, madam.”

Kisha Ummulkheir akafanya alivyozoea. Alisogeza simu mdomoni, papo hapo mbele ya madam, akamrekodia mama yake wa Likoni ujumbe. Kiswahili ndicho kilichokuwa chumba chake katika nyumba ile. Akiingia humo, hakuna wa kumfuata.

“Mama, likizo wameninyima tena. Wakishapanda ndege tu, naondoka. Pasipoti nimeiona, iko drooni kwa arbab, yule bwana mwenye nyumba. Mwambie mwanangu nakuja, asilie.”

Mezani ikawaka taa ya kijani. Sauti tamu ya kike ikaanza kusema Kiarabu, polepole, kwa adabu. Likizo. Ndege. Pasipoti. Droo. Hata kilio cha mtoto hakikusahauliwa.

Madam akaweka kikombe chini. Hakufoka. Alikiinua kidude, akakinong'oneza.

“Tafadhali nipe simu yako,” kikasema, kwa Kiswahili safi.

Miaka yote katika nyumba ile, hakuna aliyewahi kumsemesha kwa lugha ya kwao.