Mto wa Sufi

Kila alipokwenda mji wa pili kuchukua dawa zake za kufubaza virusi vya Ukimwi, Siwema alijaza pamba ndani ya kopo ili vidonge visilie mkobani. Katika nyumba aliyopanga hakuna aliyejua, na kwa hofu hiyo hakuwahi kukaribisha mtu chumbani kwake. Siku hiyo alisahau pamba.

Alipoingia uani, wanawake walikuwa wakifua. Kopo likalia chakacha, chakacha.

“Shoga, umetuletea njugu?” mmoja akauliza.

Siwema akasimama, akaubana mkoba kwapani.

“Njugu gani, walafi nyie?” akadakia Bi Chausiku, mpangaji wa chumba cha mwisho. “Ni shanga zangu nilizomwagiza. Njoo nazo ndani, mwanangu.”

“Shanga, bibi? Kwa uzee huo?”

Vicheko vikawasindikiza hadi mlangoni.

Ndani, Bi Chausiku alifunga mlango. Alifumua mshono wa mto wake, akachomoa sufi, akamtilia kiganjani bila kumtazama usoni. Katikati ya sufi iliyobaki, kifuniko cheupe kama cha kopo la Siwema kilichungulia.

Bibi akatafuta sindano, akaanza kuushona mto taratibu. Siwema alibaki amesimama, sufi mkononi.